Mbwa mwenye vali mbovu: altrasaundi ya moyo inaweza kutuonyesha mapema nani mapigo yake yatavurugika?

#1 Daktari_wa_Mkia

Wakuu heshima kwenu. Kwenye uzi wa mbwa wa kizungu watu walibishana sana kuhusu eko, yani hiyo altrasaundi ya moyo, mmoja anasema ukishapima eko umemaliza kila kitu, mwingine anasema ni kula hela ya mteja tu, nikaona nifungue uzi wake maana hii ndo kazi inayoniweka mjini, niko Uingereza kwenye kliniki ya wanyama wadogo na mbwa wa moyo ndo wanaojaza ratiba yangu.

Ugonjwa wenyewe kwanza. Moyo wa mbwa una vyumba vinne kama wako. Upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu ambacho ni atria na cha chini ambacho ni ventrikali, kuna mlango unaoitwa vali ya mitrali. Mbwa wadogo wakizeeka huo mlango unanenepa, unaota vinundu, zile kamba zinazoushikilia zinarefuka na nyingine zinakatika kabisa, basi kila moyo ukiminya badala ya damu yote kwenda mbele kwenye aota, ule mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo, nyingine inarudi nyuma juu. Ndo ugonjwa wa moyo unaoongoza kwa mbwa, Marekani wanakadiria robo tatu ya mbwa wote wenye shida ya moyo wana huu. Wanaopata zaidi ni wale chini ya kilo 20: Chihuahua, Dachshund, Poodle, na bingwa wao Cavalier King Charles Spaniel ambaye akigonga miaka 10 ni nadra kumkuta vali yake iko salama.

Sasa mapigo yanaingiaje hapo. Atria inayopokea damu inayorudi inavutika mwaka hadi mwaka. Msuli ukivutika sana unachoka, sehemu nyingine inageuka kovu, na umeme wa moyo ambao ulikuwa unapita kwa njia iliyonyooka unaanza kuzunguka zunguka kwenye makovu. Mwanzo unaona pigo moja moja linaruka kabla ya wakati wake, baadae mfululizo, mwisho atria yote inapapatika tu bila kuminya, huo ndo mpapatiko wa atria, wataalam wanaufupisha AF. Na ventrikali nayo ikitanuka inaweza kuanzisha mapigo yake ya kiholela.

Kwa hiyo msimamo wangu niuseme mapema msije mkanitafuta: eko haioni umeme. Inachoona ni ukuta uliovutika ambamo fujo ya umeme inazaliwa. Inakwambia mbwa yupi umfunge holta, yani kile kimashine cha kurekodi mapigo masaa 24, na mbwa yupi umwache akacheze. Anayekwambia eko peke yake imetabiri kwamba mbwa wako atapata AF mwezi wa tatu huyo anauza maji ya betri.

Karibuni, maswali rukhsa.

#2 mzee_wa_siti_ya_mbele

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Tupia nondo mkuu, hivo vipimo vyenyewe vinapimwa nini hasa? Tusiojua tuelezwe taratibu.

#3 Mchana_Kweupe

Aisee watu huku wanasafiri mkoa hadi mkoa kutafuta eko ya mtoto wao nyie mnawapaka jeli mbwa. Dunia haina usawa.

#4 Daktari_wa_Mkia

Mchana_Kweupe sikupingi hata kidogo, ila pesa ya kumpima mbwa wa bibi wa Kiingereza haikutoka kwenye bajeti ya hospitali ya mkoa. Na hii elimu ina undugu na ya binadamu kuliko unavyodhani, akipita mtu wa moyo wa binadamu humu atatusaidia.

Mzee wa siti ya mbele, twende kazi. Mbwa analazwa kwa ubavu wa kulia kwenye meza yenye tundu, probu, kile kifaa cha mkononi cha altrasaundi, inaingia kwa chini kupitia hilo tundu, maana akilala hivyo moyo unashuka karibu na mbavu na pafu linasogea pembeni. Hatumpi usingizi, anashikwa tu taratibu na mwenye mbwa akikaa karibu kichwani ni nusu ya dawa.

Kipimo cha kwanza ambacho kila mtu anakijua ni uwiano wa atria ya kushoto na aota. Mbwa mmoja ana kilo 2 mwingine kilo 40, ukisema atria ina sentimita tatu haina maana yoyote mpaka ujue ni ya nani, ndo maana tunaigawanya kwa upana wa aota ya mbwa huyohuyo ambayo yenyewe haitanuki kwa ugonjwa huu. Ikifika 1.6 au zaidi tunasema atria imetanuka. Kipimo cha pili ni upana wa ventrikali ya kushoto ikiwa imejaa, nao unarekebishwa kwa uzito wa mbwa, mpaka wake ni 1.7. Mbwa mwenye hivyo viwili pamoja na mnong'ono wa moyo (sauti ya damu inayovuja, inasikika kwa stetoskopu) wa daraja la 3 kati ya 6 au zaidi, na picha ya eksirei inayoonyesha moyo mkubwa, anaingia hatua inayoitwa B2 hata kama nyumbani anaruka ruka hana dalili yoyote.

Hiyo B2 ndo iliyobadilisha mchezo mwaka 2016, utafiti unaoitwa EPIC, mbwa 360 kutoka nchi kadhaa chini ya Adrian Boswood wa chuo cha mifugo cha London, walionyesha ukianza dawa ya moyo inayoitwa pimobendani hapo unasogeza mbele moyo kushindwa kazi kwa takriban miezi 15 kwa wastani. Miezi 15 kwa mbwa wa miaka 9 sio mchezo. Ila tuwe wakweli, mipaka hii ya 1.6 na 1.7 iliwekwa kutafuta nani aanze dawa, haikuwekwa kutabiri mapigo. Hapo ndo watu wanachanganya mafaili.

#5 Sonografa_wa_Zamu

Naingilia mleta mada. Mimi napima moyo wa binadamu Dar na hili la atria linanigusa. Huku kwetu wagonjwa wengi wa mitrali sio wazee ni vijana, homa ya baridi yabisi ya moyo iliyoanzia koo utotoni, vali inaganda inabana. Nikiweka probu nikakuta atria ya kushoto imevuka sentimita 5 sishangai ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ikirudi na AF, na ikishakuwa AF kinachotutisha zaidi ni damu kuganda kwenye kona ya atria halafu bonge linakimbilia kwenye ubongo. Binti wa miaka 25 anapata kiharusi. Je kwa mbwa na nyie mnawapa dawa za kuzuia damu kuganda?

#6 Daktari_wa_Mkia

Sonografa asante sana, ndo mtu niliyekuwa namsubiri. Kuganda damu kwa mbwa wa namna hii ni nadra, hatuwapi kwa kawaida. Paka ndo tofauti, paka mwenye ugonjwa wa moyo bonge linaenda kukwama pale mishipa ya miguu ya nyuma inapogawanyika, anapiga kelele ya maumivu usiku na miguu imepooza, sitaki hata kuikumbuka. Mbwa yeye AF inamuumiza kwa njia nyingine, moyo unakimbia mno. Kliniki unamsikiliza unakuta 200 na zaidi kwa dakika, hakuna mpangilio, ventrikali haipati muda wa kujaa, na ule msukumo wa mwisho wa atria haupo tena. Mbwa aliyekuwa anamudu ugonjwa wake anajaa maji kwenye mapafu ndani ya siku chache.

Jingine la kufanana na nyie: ukubwa wa mwili wa moyo wenyewe una mchango. Tangu 1914 Walter Garrey alishaonyesha kwamba mpapatiko unahitaji kipande cha msuli kikubwa kiasi ndo uweze kujiendesha, kikiwa kidogo unazimika wenyewe. Kwa hiyo Chihuahua anaweza kuwa na atria ambayo kwa uwiano ni kubwa vibaya sana lakini asipate AF, halafu mbwa wa kilo 25 mwenye uwiano mdogo zaidi yake akapata. Sasa ona huo uwiano tunaousifia ulivyo na kasoro yake hapo, tunaugawanya ili tuondoe ukubwa wa mwili kumbe ukubwa wa mwili nao ulikuwa unatuambia kitu. Ndo maana ukitaka kukisia AF angalia vyote viwili, uwiano na pia atria yenyewe kwa ujazo wake, na usisahau uzito wa mbwa.

#7 boss_wa_Kiambu

Hii thread iko juu sana. Niko na German Shepherd wa miaka 7, vet alisikiza akasema moyo unaruka ruka, kidogo haraka kidogo pole. Hajaanguka hata siku moja. Nimtafutie hiyo echo Nairobi ama nitulie?

#8 Daktari_wa_Mkia

Boss wa Kiambu swali zuri na jibu lake lina matawi.

Kwanza, mbwa mzima mapigo yake HAYAENDI sawa. Akivuta pumzi yanaharakisha, akitoa yanapungua, na mbwa mwenye mazoezi akiwa amelala unaweza kusikia kimya kirefu mpaka ukaogopa. Hiyo ni afya kabisa. Mbwa wa vali moyo ukianza kuelemewa ule mchezo wa pumzi unapotea, mapigo yanakuwa ya haraka na yamenyooka kama ya saa, na kwangu mimi mbwa mzee mwenye mnong'ono mkubwa halafu mapigo yake bado yanafuata pumzi ananipa amani zaidi ya namba nyingi za kwenye skrini. Kwa hiyo mwambie vet wako asikilize tena huku anaangalia kifua kikipanda na kushuka, kama yanafuatana na pumzi mbwa wako anaweza kuwa hana ugonjwa wowote.

Pili, aweke vidole kwenye mshipa ndani ya paja huku stetoskopu iko kifuani. Kila pigo la moyo lazima lilete msukumo pajani. Ukisikia pigo kifuani na pajani hakuna kitu, hilo pigo lilikuja kabla moyo haujajaa, hapo unahitaji ECG sio porojo.

Tatu, huyo wako ni mbwa mkubwa. Vali mbovu kwa mbwa wakubwa zipo ila sio za kwanza kufikiria. Mapigo ya kiholela ya ventrikali kwa mbwa mkubwa mara nyingi chanzo chake hata sio ugonjwa wa moyo, bandama yenye uvimbe inaweza kuyaleta, tumbo lililojipinda linaweza kuyaleta. Kwa hiyo ukienda kwa altrasaundi waambie wapitie na tumbo. Kabete pale kuna chuo cha mifugo, anzia huko kuuliza.

#9 Pima_Kwanza

Mkuu mimi ni mwanafunzi wa mifugo SUA, chuo cha kilimo cha Sokoine, nimesikia kuna kitu kinaitwa streini ya atria, eti inaona tatizo kabla ukubwa haujaongezeka. Ni kweli au ni mambo ya kuuza mashine mpya?

#10 Daktari_wa_Mkia

Yote mawili hahaha. Ngoja nikae vizuri maana hapa ndo pana utamu.

Atria ina kazi tatu. Ventrikali ikiwa inaminya, atria inapokea na kuhifadhi damu, inavutika. Vali ikifunguka inakuwa njia tu damu inapita. Mwishoni inaminya kusukuma kilichobaki. Streini ni programu inayofuata vidoa vidogo vya kijivu kwenye picha ya ukuta wa atria, fremu kwa fremu, inahesabu ukuta umerefuka kwa asilimia ngapi ukilinganisha na mwanzo. Ile asilimia ya juu kabisa wakati wa kuhifadhi ndo inayopendwa, maana inakwambia ukuta bado unanyumbulika au umeshakuwa mgumu wa makovu. Na makovu ndo tuliosema yanavuruga umeme. Kwa hiyo kimantiki iko karibu zaidi na tatizo la mapigo kuliko kipimo cha upana, fikiria puto mbili za ukubwa mmoja, moja mpya na moja iliyojazwa na kuachwa mara mia, kwa rula zinafanana.

Ila kuna mtego. Mwanzo wa ugonjwa damu inayorudi inaivuta atria zaidi na atria inajibu kwa kufanya kazi zaidi, kwa hiyo streini inaweza kuonekana nzuri au hata juu ya kawaida. Inashuka baadae, kwenye hatua za mwisho moyo ukishashindwa. Kipimo kimoja cha streini ya kawaida kwa hiyo hakikwambii uko upande gani wa mlima, unapanda au unashuka. Unahitaji cha mwaka jana ulinganishe. Na mashine ya kampuni hii na programu ya kampuni ile namba hazilingani, na mbwa mapigo yake 140 fremu zikiwa chache vidoa vinapotea njiani.

Kuna kingine kinachonivutia zaidi na hakihitaji programu ya bei mbaya. Unawasha Dopla ya msuli, yani altrasaundi inayopima mwendo wa ukuta wa moyo, unafunga waya za ECG kwa wakati uleule, unapima muda kutoka wimbi la P, ile alama ya umeme wa atria, linapoanza kwenye ECG mpaka ukuta wa pembeni wa atria ya kushoto unapoitikia kwa kuminya. Yani umeme umechukua muda gani kuvuka atria nzima na kugeuka kazi. Atria kubwa yenye makovu muda unarefuka. Kwa binadamu kinatumika kukisia nani atapata AF na kwa mbwa nacho kimeshaanza kuchunguzwa. Nakipenda kwa sababu ndo sehemu pekee ambapo altrasaundi inakaribia kugusa umeme wenyewe, na hata hapo angalia, bila waya za ECG hakipimiki.

#11 Sonografa_wa_Zamu

Nakubaliana na mkuu, niongeze tu kwamba mkono wa mpimaji ni nusu ya jibu. Ukikata picha vibaya ukaingiza mdomo wa mshipa wa mapafu kwenye kipimo, atria "inakua" hapohapo mezani. Na mgonjwa akishakuwa kwenye AF pigo moja refu moja fupi, lazima upime mapigo kadhaa utafute wastani.

#12 Daktari_wa_Mkia

Umepiga mule mule. Kwa mbwa tunapima fremu ya kwanza baada ya vali ya aota kufunga, ukichelewa kidogo atria imeshaanza kumwaga unapata namba ndogo. 1.5 ya leo na 1.7 ya wiki ijayo kwa wapimaji wawili inaweza kuwa mbwa yuleyule ambaye hajabadilika chochote.

#13 mama_Simba

Samahani kwa kuvamia. Kambwa kangu kadogo keupe kana miaka 12, kana mnong'ono, juzi kamebweka sana mgeni alipoingia kakaanguka, sekunde chache kakaamka kama hakuna kilichotokea. Vet kasema ni mapigo kanipa dawa bila kupima. Eko ingesaidia kweli au nimpe dawa tu?

#14 Daktari_wa_Mkia

Pole sana mama Simba. Kuanguka kwa mbwa wa vali kuna njia zaidi ya moja na dawa zake zinapingana, ndo maana nakusihi kipimo kitangulie. Inawezekana ni mapigo ya kukimbia. Inawezekana ni kinyume chake, msisimko au kikohozi kimeamsha mshipa wa fahamu unaopunguza kasi ya moyo, ukasimama sekunde kadhaa, huyu ukimpa dawa ya kupunguza mapigo umemwongezea. Na inawezekana ni presha kwenye mishipa ya mapafu, hii eko inaiona vizuri kabisa, kwa kupima kasi ya damu inayorudi upande wa kulia.

Kwa hiyo ndio, eko kwako ina kazi kubwa. Ikionyesha atria ya kushoto ndogo na presha ya mapafu iko juu, hadithi ya mapigo inapungua nguvu. Ikionyesha atria kubwa sana, basi ECG, na ECG ya dakika mbili ikiwa safi usiridhike maana mbwa hakuanguka katika hizo dakika mbili, hapo ndo holta. Mtu akikosa holta hata simu isaidie, mrekodi video siku akianguka tena, angalia rangi ya fizi na weka kiganja kifuani upande wa kushoto uhisi moyo unakwenda mbio au uko kimya. Usisimamishe dawa kwa maneno yangu ya mtandaoni, mpigie vet wako leo umuulize alichosikia hasa.

Na kila usiku akiwa amelala fofofo hesabu pumzi kwa dakika. Chini ya 30 tulia. Ikiwa inapanda usiku hadi usiku na kuvuka 30 usisubiri asubuhi ya Jumatatu.

#15 Mchana_Kweupe

Haya nimerudi, nimesoma yote. Swali la kizushi: sasa ukishajua huyu atapata AF unafanya nini? Kuna dawa ya kuzuia au ni kujua tu ili ulie mapema?

#16 Daktari_wa_Mkia

Mzushi kauliza swali la maana kuliko sisi sote. Dawa ya kuzuia AF isianze kwa mbwa wa vali hatuna, na simpi mbwa dawa ya mapigo kwa sababu atria yake ni kubwa kwenye picha, hizo dawa zenyewe zinaweza kuvuruga mapigo. Ninachofanya ni kuwasogeza karibu. Mwenye atria kubwa sana namwita mapema zaidi kuliko wa B2 ya kawaida, kila akija anapata ECG hata kama hana neno, na mwenye mbwa namfundisha kuhesabu pumzi na kuweka kiganja kifuani. Lengo ni kuikamata AF siku za mwanzo kabla mapafu hayajajaa.

Ikishafika hatuhangaiki sana kuirudisha kwenye mapigo ya kawaida kwa hawa, atria imeshachakaa itarudi tu. Tunapunguza kasi. Digoksini na diltiazemu kwa pamoja zinashusha mapigo vizuri kuliko kila moja peke yake, hilo lilionyeshwa kwa holta mwaka 2009, na baadae 2018 ikaonekana mbwa ambao wastani wao wa masaa 24 uko chini ya 125 kwa dakika wanaishi muda mrefu zaidi kuliko waliobaki juu. Ona tena, hapo lengo linasomwa kwenye holta. Ukihesabu kliniki mbwa ameogopa harufu ya spiriti utapata 180 uanze kuongeza dawa bila sababu.

Mapigo ya ventrikali ndo eko inahangaika nayo zaidi. Atria kubwa na AF uhusiano wao unaeleweka, lakini mapigo ya kiholela ya ventrikali unaweza kumkuta mbwa ventrikali yake imetanuka hana hata moja, mwingine picha yake ya wastani tu holta imejaa. Hapo sitegemei picha.

#17 Pima_Kwanza

Na zile skoa za kujumlisha vipimo? Kuna ya Waitaliano nimeisoma.

#18 Daktari_wa_Mkia

Ile ya 2021 inajumlisha vitu vinne: uwiano wa atria na aota, upana wa ventrikali, ventrikali inaminya kwa asilimia ngapi, na kasi ya damu inayoingia kupitia mitrali. Nzuri, rahisi, naitumia. Ila inapanga mbwa kwa ukali wa ugonjwa na muda wa kuishi. Ukiniletea mbwa aliyepangwa kundi la mwisho nitamtafutia holta kwa haraka, lakini usiandike kwenye ripoti kwamba skoa imetabiri mapigo, mtahini akiuliza utakosa pa kujificha.

#19 boss_wa_Kiambu

Vet amerudi akasikiza vile ulisema. Inafuata pumzi, na kwa paja kila beat inafika. Anasema echo iwache kwanza ila tumbo atapiga scan mwezi ujao akija kwa chanjo.

#20 Daktari_wa_Mkia

Safi boss. Mwambie siku hiyo amfungie na waya za ECG dakika tano kama anayo mashine, haitaongeza gharama kubwa. Mama Simba tunasubiri majibu yako, ukishapata ripoti ficha jina na namba za simu halafu weka hapa ile sehemu ya vipimo tu.